Miaka Thelathini na Moja ya Maganda Safi: Bi. Dafrosa Melkiadi Anastaafu

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Dafrosa Melkiadi, Msimamizi wa Usafishaji katika karakana yetu ya Kawajense, mjini Mpanda, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Uwindaji wa Kitalii ya Kasalagela kwa miaka thelathini na moja kamili, bila kupungua hata siku moja. Aliripoti kazini tarehe 1 Julai 1994, siku ya kwanza ya msimu wa uwindaji. Anaondoka siku moja kabla ya msimu mwingine kufunguliwa. Waliomzoea hawatashangaa. Bi. Dafrosa hajawahi kuacha kazi katikati, na hata kuondoka kwake amekupanga kuendane na kalenda ya kazi.

Kwa wageni waalikwa ambao hawajapata kufika karakana, ni vyema kuieleza kwanza kazi yenyewe. Kila mwaka kabla ya msimu, askari wetu wa wanyamapori hufanya mazoezi ya kulenga shabaha. Risasi ikifyatuliwa, baruti huungua na kichwa cha risasi huenda zake, lakini ganda lake, lililotengenezwa kwa shaba ya manjano, hubaki. Ganda likiwa zima, laweza kujazwa tena kwa ajili ya mazoezi, hata mara tano au sita, kazi ambayo kampuni huifanya kwa kibali na chini ya ukaguzi. Sharti la kwanza ni ganda liwe safi, kwa kuwa masizi na mchanga huficha ufa, na ganda lenye ufa hupasuka ndani ya bunduki, sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtu. Hiyo ndiyo kazi ya Bi. Dafrosa: kuosha, kukausha, kung'arisha, kukagua, na hatimaye kusaini.

Neno hilo la mwisho lina uzito wake. Daftari la karakana lina safu mbili, moja ya maganda yaliyokubaliwa na nyingine ya yaliyokataliwa. Tangu mwaka 2009 safu hizo zimesainiwa na mkono mmoja tu. Mwezi Januari mwaka huu, Meneja wetu, Bw. Gelasius, alimwuliza ni nani atakayesaini baada yake. Bi. Dafrosa alijibu kwa ufupi, "Bado nanusa." Jibu hilo lilichekesha kikao kizima, lakini halikuwa mzaha. Wasomaji watalielewa wakifika mwisho wa wasifu huu.

Bi. Dafrosa alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Kasansa, katika familia ya wakulima wa mpunga, akasoma huko hadi darasa la saba. Aliolewa na Bw. Dionizi, mkulima, na wamejaliwa watoto wanne. Mzaliwa wao wa kwanza ni Regina, na ndiyo maana katika karakana nzima hakuna amwitaye kwa cheo. Kwetu yeye ni Mama Regina. Aliajiriwa kuosha vyombo katika kambi ya uwindaji. Sufuria za kambini hupikiwa kwa kuni, na masizi yake ni mazito. Mwenyewe husema kwamba miaka ile minne ya kukwangua masizi ndiyo iliyokuwa chuo chake, na kwamba alihitimu bila kuvaa joho.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1998, mwaka wa mvua kubwa. Paa la stoo ya kambi lilivuja, na magunia ya maganda yakahamishiwa kwenye banda lililopakana na zizi la mbuzi wa kitoweo. Yalikaa humo miezi minne. Yalipotolewa, maganda mengi yalikuwa na nyufa shingoni, nyembamba kama unywele. Mafundi walikubaliana kwamba kiwanda kilichoyatengeneza kilikosea. Muosha vyombo hakukubaliana nao. Jikoni kwake kulikuwa na maganda arobaini ya kiwanda kilekile na mwaka uleule, ambayo mgeni mmoja alitaka apewe kama kumbukumbu, kisha akayasahau. Hayakuwa na ufa hata mmoja.

Aliyabeba mafungu yote mawili kwenye ungo mpaka kwa fundi mkuu wa wakati huo, marehemu Mzee Amedeus, akayaweka mezani bila kukaribishwa.

"Sasa wewe mama wa jikoni umejuaje?" Mzee Amedeus aliuliza.

"Nikiingia bandani macho yananiwasha, mzee, kwa sababu ya mkojo wa mbuzi," alijibu. "Nikasema, kama mimi ninayeingia na kutoka yananiwasha, haya yaliyolala humo miezi minne yamepata nini?"

Mzee Amedeus, kwa mujibu wa waliokuwapo, aliivuta sigara yake hadi mwisho huku akiyageuza maganda. Kisha akaamuru magunia yote yatolewe bandani na mama wa jikoni atolewe jikoni. Baadaye wataalamu walithibitisha kwamba hewa ya amonia, ambayo hutoka kwenye mkojo wa mifugo, huila shaba ya manjano kimyakimya na kuifanya ivunjike kama biskuti. Bi. Dafrosa hakuwa anajua jina la amonia. Aliifahamu kwa harufu.

Katika karakana alianza upya, na hakuona haya kukosea mbele za watu. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la ukwaju, kwa kuwa ukwaju ulikuwa ukiziacha sufuria za shaba za bibi yake zikimeremeta. Aliloweka maganda mia mbili tangu jioni hadi asubuhi, na yakatoka na rangi ya waridi. Asidi ilikuwa imekaa muda mrefu mno na kuinyonya zinki iliyochanganywa na shaba, ikabakiza wekundu wa shaba tupu juu ya ganda. Fundi Salvator, ambaye kazi yake ni kung'oa fataki zilizokwisha tumika, yaani vile vifuniko vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti, na kujaza maganda upya, bado anaikumbuka siku hiyo.

"Nilimwambia, Mama Regina, umeyapaka lipstiki! Tuyapeleke shabaha au tuyapeleke kwenye sendoff?"

Bi. Dafrosa alicheka pamoja nao, kisha akayakataa yote mia mbili na kuanza kuhesabu dakika. Alijaribu dakika tano, kumi, ishirini, nusu saa. Aliishia kwenye dakika kumi na tano, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, na kijiko kimoja cha ndimu ya unga kwa kila ndoo. Baada ya hapo, maji safi mara tatu. Kipimo hicho kimebandikwa ukutani kwa mwandiko wake, na hakijabadilika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kukausha nako kulikuwa na historia yake. Kijana mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa leo ni mheshimiwa mahali fulani, aliwahi kuharakisha kazi kwa kuyakaanga maganda kwenye karai juu ya jiko la mkaa. Moto huilegeza shaba, na kitako cha ganda kikilegea hakiwezi kuhimili nguvu ya baruti. Bi. Dafrosa alilimwaga karai lote kwenye pipa la vyuma chakavu, akamwambia kijana akaoshe karai lenyewe, kwa sababu angalau hilo lilikuwa halijaharibika. Tangu hapo maganda ya Kasalagela hukaushwa kwenye nyungo, midomo ikitazama chini, chini ya jua la Mpanda, ambalo halijawahi kutuangusha isipokuwa Machi.

Wengi huifahamu zaidi mashine yake. Ni pipa dogo lililolazwa juu ya magurudumu mawili ya pikipiki na kuzungushwa na mota iliyotolewa kwenye mashine ya kusaga. Ndani yake maganda hujigaragaza kwa saa tatu pamoja na chenga za kusugulia. Kwa kuwa yeye ni Mpimbwe wa Kasansa, ilitarajiwa atatumia pumba za mpunga, na kwa kweli alizitumia mwaka mzima. Ziling'arisha, lakini zilikwaruza, tena zilijibana kwenye tundu la fataki hata ikabidi kila ganda litobolewe kwa sindano. Akahamia kwenye magunzi ya mahindi yaliyotwangwa na kuchekechwa, yanayoletwa na wakulima wa Katumba. Bw. Dionizi, mumewe, alipopata habari alilalamika kwamba mke wake ameusaliti mpunga. Alijibiwa kwamba mpunga ni wa kuliwa.

Usafi wake haukuishia kwenye ganda. Masizi ya risasi yana vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu, na Bi. Dafrosa alipiga marufuku karanga, mihogo na chai ndani ya karakana miaka mingi kabla ya kampuni kuandika kanuni. Vumbi huchekechwa nje, pua zikiwa zimefunikwa, na vipande vya kitambaa chenye unyevu huwekwa ndani ya pipa ili kulinasa. Mtu akitoka bila kunawa mikono kwa sabuni alirudishwa kutoka getini, awe nani. Meneja aliyepita alirudishwa mara mbili.

Mwishoni mwa yote huja ukaguzi, na hapa chombo chake ni spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha. Huiingiza ndani ya ganda, huiburuta taratibu kuelekea kitakoni, na ncha ikikwama mahali, hapo ukuta umeanza kuliwa kwa ndani. Ganda hilo hupondwa mdomo kwa plaizi ili lisirudi tena kundini. Salvator alizoea kumtania kwa jinsi alivyolishika kila moja kwa vidole viwili na kuligeuza kwenye mwanga.

"Mama Regina, haya ni maganda ya risasi, siyo sahani za harusi."

"Sahani ya harusi ikipasuka unamwaga wali, Salvator. Hili likipasuka unamwaga jicho."

Yapo mafanikio yanayoweza kutajwa kwa tarehe na vyeti. Amekuwa Mfanyakazi Bora mara tatu, na zawadi ya mara ya pili, cherehani, hakuipeleka nyumbani. Aliitumia kushona mifuko ya turubai, kila aina ya ganda na rangi yake, ili mchanganyiko usitokee. Amefundisha watu kumi na mmoja. Tangu aanze kusaini, hakuna ganda hata moja lililopita mkononi mwake likapasuka uwanjani. Hata hivyo, mwandishi wa wasifu huu anaamini kwamba Bi. Dafrosa hafahamiki vizuri bila kisa cha Mei 2023, na kwa kuwa kosa la kisa hicho ni la mwandishi mwenyewe, ni haki alisimulie yeye.

Mwandishi aliajiriwa Aprili mwaka huo kama Ofisa Ugavi, akitokea chuo kikuu na kabla ya hapo Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alikuwa katika miezi sita ya majaribio na alitaka kuonekana. Wiki ya tatu ya Mei, Bi. Dafrosa aliomba ruhusa kwenda Kasansa kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Mezani aliacha maganda mia sita na kumi na mawili yaliyokwisha oshwa mara moja, pamoja na maelekezo ya maneno matatu: yasubiri mpaka nirudi. Wakaguzi wa kibali cha karakana walitarajiwa Jumatano iliyofuata, na mazoezi ya askari yalikuwa Alhamisi. Mwandishi aliona nafasi. Alinunua madumu mawili ya dawa ya kung'arishia, akayaloweka maganda yote tangu Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi, kisha akayapitisha kwenye pipa. Maji ya kuloweka yaligeuka buluu. Yeye alidhani ule ni uchafu unaotoka.

Maganda yalimeremeta kwa namna ambayo karakana haikuwahi kuona. Salvator aliita wenzake waje wajitazame nyuso. Bw. Gelasius alipiga picha. Saa nne asubuhi Bi. Dafrosa alishuka kwenye bajaji, begi la safari likiwa bado begani, na akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Nani kaleta mbuzi humu?" aliuliza.

Hakuna aliyeelewa. Aliingia polepole, akainama juu ya beseni la mwisho ambalo lilikuwa halijamwagwa, akayaona yale maji ya buluu, akainuka. Aliuliza yamelowekwa muda gani. Aliposikia ni tangu Ijumaa, alivuta daftari na kuandika katika safu ya yaliyokataliwa: 612.

Lazima ieleweke kilichokuwa hatarini asubuhi ile. Bila maganda hayo, askari ishirini na wawili wasingefanya mazoezi, na askari asiyefanya mazoezi haruhusiwi kuingia kwenye kitalu cha uwindaji na bunduki. Karakana isiyo na kazi ya kuonyesha Jumatano ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kupoteza kibali. Kwa upande wa pili, endapo alikuwa sahihi na maganda yakatumika, kulikuwa na askari ishirini na wawili ambao wangeweka mashavu yao pembeni ya shaba iliyooza. Ushahidi wake wote ulikuwa harufu ileile ya banda la mbuzi, yaani amonia iliyokuwamo kwenye dawa, na rangi ya maji.

"Mama," Bw. Gelasius alisema, na wote walisikia jinsi alivyojizuia, "wakaguzi wanakuja keshokutwa. Nikawaambie nini? Kwamba maganda yananuka?"

"Waambie hivyohivyo."

"Yanang'aa kuliko mwaka wowote!"

"Ndiyo. Na mimi sijaajiriwa kung'arisha, nimeajiriwa kusaini. Hapa sisaini. Wewe ni meneja, daftari hili hapa, kalamu hii hapa. Saini wewe."

Bw. Gelasius aliitazama kalamu. Kwa heshima yake, na yupo hapa leo, hakuichukua. Aliuliza kama kuna namna ya kuhakikisha. Bi. Dafrosa aliomba plaizi. Alichukua maganda kumi kutoka mfuko wa mwaka uliotangulia, akayabana midomo moja baada ya jingine. Yote yalibonyea na kufunga kama mdomo wa mtoto anayekataa uji, bila ufa. Kisha akachukua kumi yaliyong'aa. Mawili ya kwanza yalibonyea. La tatu lilitoa mlio mdogo mkavu na kupasuka kuanzia mdomoni hadi begani. La tano pia. La sita. La tisa. Bw. Gelasius akachota moja mwenyewe kutoka chini kabisa ya rundo, akalibana kwa mkono wake, na kipande kikadondoka sakafuni.

Alikiokota, akakitia mfukoni, akasema, "Haya. Tufanyeje?"

Bi. Dafrosa alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa nyuma ya mlango. Kwa miaka mingi alikuwa amehifadhi maganda mazima yaliyoonekana vibaya kwa nje, yenye madoa meusi yasiyotoka, ambayo kila msimu yaliachwa kwa sababu mengine yalipendeza zaidi. Yalikuwa mia saba na kidogo. Hakuwa ameyakataa, alikuwa ameyaweka. Karakana nzima, pamoja na meneja aliyekunja mikono ya shati, iliosha siku mbili mfululizo: dakika kumi na tano, maji mara tatu, nyungo juani, magunzi saa tatu, spoku. Mwandishi alipewa spoku, na ndipo alipoanza kuuliza yale aliyopaswa kuuliza Ijumaa. Bi. Dafrosa aliketi pembeni yake akamjibu bila kumlaumu kwa dawa, na kila baada ya muda alisema, "Taratibu. Usiisukume. Iache ikuambie."

Jumatano wakaguzi walikuta maganda yenye madoa na daftari lenye ukurasa wa 612 yaliyokataliwa, sababu ikiwa imeandikwa kwa mkono wa mwandishi mwenyewe, kwa agizo la Bi. Dafrosa. Waliusoma ukurasa huo mara mbili, wakaomba kuonyeshwa plaizi, kibali kikaendelea, na Salvator akayajaza maganda usiku kucha. Alhamisi askari walipiga shabaha kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Kiongozi wao, Sajini Simon, aliyapokea maganda kwa kukunja uso.

"Mama, mbona yamefubaa hivi? Ya wenzetu yanang'aa."

"Simon, unataka kulenga au unataka kuposa?"

Alilenga. Wote ishirini na wawili walilenga, na wote walirudi na macho mawili mawili.

Ilibaki hatima ya Ofisa Ugavi. Mwezi Oktoba, miezi ya majaribio ilipokwisha, Bw. Gelasius alimwomba Bi. Dafrosa maoni ya maandishi kabla ya kuamua kumthibitisha kazini au kumwachisha. Mwandishi aliyaona maoni hayo baadaye kwenye jalada lake, na kwa idhini ya Meneja anayanukuu yote: "Aliuliza baada ya kuosha. Mwakani ataanza kuuliza kabla." Alithibitishwa. Ameuliza kabla kwa miaka miwili sasa, wakati mwingine hadi Salvator akamwomba apumzike.

Ijumaa iliyopita, tarehe 27 Juni, lilikamilika fungu la mwisho la msimu, maganda mia tatu na arobaini. Kila mtu alitegemea Bi. Dafrosa angelikagua na kusaini, kisha tupige picha. Badala yake aliusogeza mfuko kwa mwandishi na kumwambia aufungue.

"Nusa."

Mwandishi aliingiza uso mfukoni. "Hamna kitu, mama."

"Hamna kitu gani?"

"Hakuna amonia."

"Sikukuuliza jina lake. Unasikia harufu gani?"

Mwandishi alirudi tena mfukoni, safari hii bila haraka. "Magunzi," alisema. "Na ndimu, kwa mbali."

"Umepitisha spoku?"

"Yote. Nimekataa manne."

"Yako wapi hayo manne?"

Yalikuwa kwenye bati pembeni, midomo imeshapondwa. Aliyahesabu, akalichukua moja na kulipitishia spoku yake mwenyewe, akasikiliza. Kisha akageuza daftari likaelekea upande wa pili wa meza na kuiweka kalamu juu yake.

"Basi saini, mwanangu. Mimi mpunga wangu unaanguka shambani Kasansa."

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, safu ya yaliyokubaliwa ina saini ambayo si ya Dafrosa Melkiadi. Baada ya hapo Bi. Dafrosa alifungua mkoba, akatoa spoku, akaifuta kwa upande wa kanga, na kuiacha juu ya daftari. Alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akatoka getini bila kurudishwa.

Mama Regina, kwa niaba ya Meneja, ya Fundi Salvator, ya Sajini Simon na askari wake wote, karakana inakushukuru kwa kila ganda ulilolikubali na, zaidi, kwa kila ulilolikataa. Bw. Dionizi, tunakurudishia mkeo akiwa mzima. Mtunzie nafasi kivulini, na usijaribu kumpikia kwenye sufuria yenye masizi. Tunawaombea nyote wawili afya, mavuno mazuri na wajukuu wengi wa kuwapeleka kipaimara. Kesho msimu unafunguliwa. Mifuko iko tayari, spoku iko mahali pake, na tukishuku lolote, tutapanda basi la Kasansa kuja kuuliza kabla.

Faudhia Yunus
Ofisa Ugavi, karakana ya Kawajense